Eabegi ikishafyatuka, usifunike tu

Magari mengi ya mtumba yanayotembea Kenya yameingilia hapa kwetu, bandari ya Mombasa. Yanashushwa melini, yanalipiwa ushuru, halafu yanaondoka. Machache yanabaki Pwani. Mengi yanapanda bara, na mahali pamoja panapoyapenda sana ni nchi ya Wakisii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, karibu kilomita 800 kutoka tulipo. Huko Toyota Probox ndiyo matatu, ndiyo teksi, ndiyo gari la ndizi, na usiku wa manane ndiyo ambulensi ya mgonjwa. Aliyewahi kusimama Keroka, pale mpakani mwa kaunti hizo mbili, akatazama gari moja likishusha watu kama linatoa wali sufuriani, anajua ninachosema.

Mpwa wangu ana duka la simu huko Keroka. Majuzi alinipigia. "Mjomba, shikamoo. Gari limegonga nyuma ya lori la majani chai. Sisi wazima, alhamdulillahi. Lakini eabegi zote mbili zimefyatuka. Fundi anasema Jumamosi atakuja kuziweka nyingine papa hapa nyumbani. Na kama sina pesa, asema atafunika tu usukani na dashibodi, na taa ataizima. Nifanye lipi?"

Nilimjibu kwa ufupi kwamba hilo la kufunika asilikubali kabisa, na hilo la kubadilisha nyumbani asilikubali mpaka aelewe kinachobadilishwa. Jibu refu nimeona niliandike hapa, kwa sababu swali hili si la Keroka peke yake. Lipo Likoni, lipo Malindi, lipo Ukunda, na lipo kila mahali gari la mtumba linapogonga likatengenezwa na fundi wa mtaani.

Eabegi ni kitu gani hasa

Wengi tunaiona eabegi kama puto lililokunjwa. Ukiiona hivyo utadhani kuibadilisha ni sawa na kubadilisha taa au kioo. Ukweli ni kwamba ndani ya ule usukani mna baruti. Si baruti ya bunduki, lakini ni kemikali inayowaka kwa kasi ili itoe gesi nyingi kwa mara moja, na gesi hiyo ndiyo inayojaza mfuko.

Mambo yanakwenda hivi. Mbele ya gari na katikati ya gari kuna sensa zinazopima mshtuko. Gari likigonga kwa nguvu, sensa zinaipasha habari kompyuta ndogo ya eabegi, ambayo mara nyingi hukaa chini katikati ya gari, karibu na gia. Kompyuta ikiamua kuwa hii ni ajali kweli, inapeleka umeme kwenye kiwashio kilicho ndani ya mtungi wa chuma. Kemikali inawaka, gesi inatoka, mfuko unapasua kifuniko cha usukani na kujaa. Kazi yote hiyo, kuanzia kugonga mpaka mfuko kujaa, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko hapo. Kisha mfuko unaanza kunywea wenyewe kupitia matundu yaliyoachwa nyuma yake, ili kichwa cha mtu kipokewe kwa ulaini na sio kurudishwa nyuma kama mpira.

Sasa fikiria kifaa hicho kinafyatuka ukiwa umekipakata mapajani, au uso wako uko juu yake ukitafuta skrubu. Mafundi wamevunjika mikono na wengine kuumia macho kwa namna hiyo sehemu nyingi duniani. Ndiyo maana katika usafirishaji wa kimataifa mitungi hii huandikwa kama mizigo ya hatari. Wewe ukiituma kwa basi la usiku kutoka Mombasa hadi Kisii ndani ya gunia, chini ya kiti cha abiria, umempakia mwenzako kitu ambacho hakukubali kukaa nacho.

Lakini tusije tukaichukia. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imekadiria kwamba eabegi za mbele ziliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 nchini humo kufikia mwaka 2017. Huko ni sheria tangu magari ya modeli ya 1998 kila gari dogo kuwa na eabegi ya dereva na ya abiria wa mbele. Kifaa hiki kikiwa kizima kinaokoa. Hatari yake huja kikiwa kibovu au kikishikwa na asiyekijua.

Kilichoharibika si mfuko peke yake

Hapa ndipo hesabu ya fundi wa Jumamosi inapokwenda kombo. Yeye ameona mifuko miwili imetoka, akasema atanunua mifuko miwili. Kumbe ajali moja ya mbele inakula vitu vingi kwa pamoja.

Kwanza ni eabegi ya dereva, ile ya usukani. Pili ni eabegi ya abiria, na hiyo haiji peke yake, kwa sababu inapotoka mara nyingi inapasua dashibodi. Dashibodi iliyopasuka haitakiwi kushonwa, kugundishwa wala kuvalishwa ngozi juu. Ule mshono dhaifu uliowekwa kiwandani ndio mlango wa mfuko. Ukiuziba kwa gundi na faiba, siku ya ajali mfuko utakosa pa kutokea, au utarusha vipande vya plastiki ngumu usoni mwa abiria.

Tatu ni mikanda ya mbele. Kwenye magari mengi mkanda nao una baruti yake ndogo inayouvuta ukaze kifuani wakati wa kugonga. Ikishafyatuka mara moja, imekwisha. Mkanda unaweza kujifunga usitoke tena, au ukaonekana mzima huku nguvu yake ya kukaza haipo. Huo unabadilishwa mzima.

Nne ni kompyuta ya eabegi. Ikishafyatua mifuko huhifadhi kumbukumbu ya ajali, na watengenezaji wengi wa magari, Toyota wakiwemo, hutaka ibadilishwe. Wapo mafundi wanaoifuta kumbukumbu hiyo kwa mashine na kuirudisha kazini. Taa itazimika kweli, lakini hakuna atakayekuhakikishia kwamba itafanya kazi sawasawa mara ya pili. Tano ni sensa za mbele, hasa kama bampa na sehemu ya rejeta zimebonyea. Sita ni ule utepe wa waya uliojiviringa nyuma ya usukani, ambao mafundi wanauita klok springi. Ndio unaopeleka umeme kwenye eabegi huku usukani ukizunguka. Moto wa eabegi unaweza kuuunguza, na usipowekwa katikati sawasawa utakatika siku ya kwanza ya kukunja kona.

Kwa hivyo bwana fundi akikupa bei ya mifuko miwili tu, muulize hayo mengine manne. Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi au anaibahatisha.

Spea inatoka wapi

Eabegi mpya halisi ya kampuni ni ghali, na kwa gari la mtumba inaweza kuonekana ghali kupita kiasi. Hapo ndipo watu hukimbilia njia mbili: iliyotolewa kwenye gari jingine, au mpya ya bei rahisi isiyojulikana ilikotengenezwa.

Hii ya pili ndiyo niiogopayo zaidi. Julai 2024 NHTSA ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya watu watano, ndani ya miezi tisa, kuuawa au kupata majeraha mabaya kwa sababu ya mitungi ya bei rahisi. Magari yao yalikuwa yamewahi kugonga huko nyuma, yakatengenezwa, yakawekwa eabegi zisizo halisi. Mtungi ulipowaka ulipasuka, ukarusha vipande vya chuma vifuani, shingoni na usoni mwa madereva. Ni habari ya gari la mtumba lililotengenezwa kwa bei ya chini. Kama hayo yanatokea kwenye nchi yenye ukaguzi mkali, sisi tusijipe moyo.

Hii ya kwanza, ya kutoa kwenye gari jingine, nayo ina mtego wake, nao unaitwa Takata. Hiyo ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengeneza eabegi za Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengineo. Mitungi yake mingi ilitumia nitrati ya amonia. Kemikali hiyo, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, inaharibika na kuwaka kwa nguvu kupita kiasi, mtungi ukapasuka kama guruneti. Marekani pekee zaidi ya watu 20 wamekufa kwa sababu hiyo. Ilifuata kazi ya kurudisha magari kiwandani ambayo ni kubwa kuliko zote katika historia ya Marekani, mitungi karibu milioni 67. Takata yenyewe ilifilisika Juni 2017.

Joto na unyevu wa miaka mingi: nani anaujua kuliko sisi watu wa Pwani? Eabegi iliyokaa miaka kumi ndani ya gari linaloegeshwa juani Mombasa, ikatolewa, ikauzwa Kisii kama mali safi kutoka Japani, haina alama ya nje ya kuonyesha ilivyochoka ndani. Na Kisii nako, ingawa hakuna joto letu, mvua hunyesha karibu mwaka mzima.

Kwa hivyo kama lazima ununue iliyotumika, usinunue kipande kilichotupwa rafuni. Ulizia imetoka gari gani, la mwaka gani, na namba ya chasisi yake. Kwa namba hiyo mwakilishi wa kampuni ya gari anaweza kukuangalizia kama gari lile liliitwa kurudi kiwandani. Tazama namba ya spea iliyo nyuma ya eabegi, ilingane na ya kwako herufi kwa herufi. Kufanana kwa umbo hakutoshi, kwa sababu kompyuta ya gari lako imepangiwa eabegi ya aina yake. Ikiwa ina kutu, ina alama za maji, plagi imekatwa au waya zimeungwa kwa gundi ya plastiki, iache. Na muuzaji asiyetaka kuandika risiti yenye namba hizo, mwachie mali yake.

Kazi yenyewe, ikifanywa nyumbani

Maoni yangu ni kwamba eabegi ya abiria, mikanda na kompyuta vifungwe kwenye karakana yenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na fundi aliyesomea. Mji wa Kisii hauna upungufu wa mafundi wa namna hiyo. Lakini najua watu watafanya nyumbani, nisiseme uongo. Basi anayefanya, au anayemsimamia fundi uani kwake, ayajue haya.

Kabla ya chochote, magurudumu ya mbele yawe yamenyooka, ufunguo uzimwe na kutolewa. Toa waya hasi ya betri, uifunge kitambaa na kuiweka mbali isije ikarudi kugusa. Halafu subiri. Kompyuta ya eabegi ina akiba ya umeme ndani yake, imewekwa makusudi ili mfuko ufyatuke hata betri ikikatika wakati wa ajali. Toyota hutaka usubiri angalau sekunde 90, wengine dakika tatu au zaidi. Mimi nasema kunywa kikombe cha chai, tena polepole, ndipo urudi.

Vaa miwani ya kukinga macho na glavu. Ule unga mweupe uliotapakaa garini unawasha macho, koo na ngozi, hasa kwa mwenye pumu. Fungua milango, pangusa kwa kitambaa kibichi.

Usidhani kwamba eabegi iliyokwisha kufyatuka imekufa kabisa. Eabegi nyingi za siku hizi zina viwashio viwili, cha ajali ndogo na cha ajali kubwa. Inawezekana kimoja kiliwaka na cha pili bado ki hai ndani ya kitambaa kilichonywea. Ishike kwa heshima ileile unayoipa mpya.

Plagi za eabegi na waya zake kwa kawaida ni za manjano. Rangi hiyo ni onyo. Waya wa manjano haukatwi, hauungwi, haujaribiwi kwa taa ya majaribio. Na sikiliza sana hili: usipime eabegi kwa mita ya umeme. Mita hiyo hupeleka umeme kidogo ili ipime, na kiwashio kinaweza kuwaka kwa umeme kidogo. Usiiguse kwa betri "kuona kama nzima". Usiiweke karibu na mtu anayechomelea bodi ya gari.

Gusa chuma kitupu cha gari kabla ya kushika eabegi nyingine, ili umeme wa mwilini uondoke. Ukiibeba, upande wenye kifuniko uelekee mbali na mwili wako. Ukiiweka mezani, kifuniko kitazame juu. Ukiilaza kifudifudi kisha ikafyatuka, mtungi wa chuma utaruka juu kama kombora.

Kama klok springi imeungua, ibadilishe, na uiweke katikati kwa kufuata alama zilizochorwa juu yake kabla ya kurudisha usukani. Nati ya usukani na boliti za eabegi zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Boliti iliyoota kutu au iliyokatika isibadilishwe na yoyote iliyookotwa.

Mwisho, kabla ya kurudisha waya ya betri, watu wote watoke ndani ya gari, na watoto wawe mbali. Ufunguo uwashwe na mtu aliyesimama nje upande wa mlango, mkono ukipita ubavuni, kichwa na kifua visiwe mbele ya usukani. Taa ya eabegi itawaka sekunde kama sita kisha itazima yenyewe. Hapo sasa lete mashine ya kusoma kompyuta, uhakikishe hakuna hitilafu iliyobaki.

Na ile ya zamani? Haichomwi moto, haipelekwi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, haipondwi kwa nyundo. Karakana kubwa zina njia ya kuifyatua kwa waya mrefu kutoka mbali. Wapelekee.

Hila ya taa

Narudi kwenye lile pendekezo la pili la fundi, la kufunika na kuzima taa. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kuna njia mbili za kumdanganya mtu kwa taa ya eabegi. Moja ni kutoa balbu, au kuunganisha waya wake na taa nyingine kama ya oili, ili ziwake na kuzima pamoja. Ya pili ni ya ujanja zaidi. Mahali pa eabegi huwekwa rezista ndogo ya senti chache, ambayo kwa kompyuta inaonekana kama kiwashio kizima. Taa inawaka sekunde sita, inazima, kila kitu kinapendeza. Nyuma ya kile kifuniko kilichoandikwa SRS hamna kitu, ni plastiki na hewa.

Gari hilo litaoshwa, litapakwa rangi, litauzwa. Atalinunua mwalimu wa Nyamira, au muuza samaki wa Shimoni, kwa akiba ya miaka mitano. Ataendesha akiamini ana kinga. Siku atakayoihitaji ndiyo siku atakayojua. Na pengine hatajua, kwa sababu aliyekufa haulizi maswali, na jirani watasema ajali haina kinga. Ajali hii ilikuwa na kinga. Kuna mtu aliiondoa, akachukua pesa.

Sisi tuliolelewa kwenye biashara za Pwani tumefundishwa tangu utotoni kuwa kuficha aibu ya bidhaa ni haramu, hata kama ni kitambaa chenye tundu dogo. Sasa itakuwaje kwa kifaa kinachobeba roho ya mtu? Na kwa asiyeogopa mafundisho ya dini, ipo Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Rezista nyuma ya usukani inavunja zote tatu kwa mpigo.

Probox na kiti cha mbele

Liko jambo jingine linalohusu Kisii na Nyamira kwa namna ya pekee, ingawa na sisi huku hatujambo. Eabegi imepigiwa hesabu ya mtu mmoja, aliyekaa wima, aliyefunga mkanda. Haikupigiwa hesabu ya watu wawili kwenye kiti kimoja cha mbele, wala mama aliyempakata mtoto, wala abiria aliyebanwa kati ya dereva na mlango wake.

Mtu ambaye hakufunga mkanda husukumwa mbele na breki kabla hata gari halijagonga. Mfuko unapotoka unamkuta ameshafika karibu, unampiga ukiwa kwenye kasi yake ya mwanzo. Mtoto aliyepakatwa mbele ndiye anayepokea pigo lote. Dereva naye anatakiwa kifua chake kiwe mbali na usukani kama sentimita 25 hivi, jambo lisilowezekana ukiwa unagawana kiti na abiria.

Barabara za nchi ya Wakisii ni za milima na makorongo, kona hazihesabiki, na mvua ikinyesha lami inateleza. Kule kinga inahitajika kuliko tambarare ya Mariakani. Sheria za Michuki za 2004 zilitulazimisha mikanda kwenye matatu, tukanung'unika, kisha tukazoea, kisha wengi tukaacha. Eabegi bila mkanda ni nusu ya kinga, na mara nyingine ni hatari kamili.

Ukienda kununua gari

Ukiwa yadi ya Mombasa au kwa mtu binafsi Suneka, haya unaweza kuyaangalia mwenyewe bila kulipa mtu.

Washa ufunguo bila kupiga starta. Taa ya eabegi lazima iwake, kisha izime peke yake, na isizime sambamba na nyingine. Isipowaka kabisa, kuna kilichofichwa. Ikibaki inawaka, angalau gari linasema ukweli.

Tazama kifuniko cha usukani. Rangi na mkwaruzo wake vilingane na usukani wenyewe. Kikiwa kipya sana kwenye usukani uliochakaa, uliza. Pitisha kidole kwenye dashibodi mbele ya abiria, utafute mshono, gundi au ngozi iliyovalishwa juu. Vuta mikanda yote ya mbele hadi mwisho, uiachie irudi. Soma kibandiko kilicho chini ya mkanda kama kipo, ulinganishe mwaka wake na mwaka wa gari.

Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada, na uihakikishe kwa namba ya chasisi. Alama ya R au RA humaanisha gari liliwahi kugonga likatengenezwa. Si lazima ulikatae, lakini sasa una swali la kuuliza na bei ya kupunguza. Kumbuka pia kwamba ukaguzi wa kabla ya gari kupakiwa melini, na sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane, vinahusu siku lilipoingia nchini. Havisemi chochote kuhusu lililotokea baadaye kwenye kona za Nyamira au Mazeras. Kwa hayo, mlipe fundi usiyejuana na muuzaji, aje na mashine yake, afungue na kuangalia.

Na asiyekuwa na pesa?

Mpwa wangu aliniuliza hili mwisho, na ni swali la haki. Si kila mtu anaweza kulipa eabegi mbili, dashibodi, mikanda na kompyuta kwa mwezi mmoja, tena duka limefungwa na watoto wanataka karo.

Nilimwambia aanze na mikanda. Mkanda mzima ndio kinga ya kwanza, na unapatikana kwa bei nafuu kuliko hayo mengine. Ile mifuko iliyotoka aitolewe kwa taratibu nilizozitaja, plagi zake zifunikwe vizuri bila kuungwa na chochote. Taa ya eabegi aiache iwake. Iwake mchana na usiku, imkumbushe yeye na imuonye kila anayeketi mbele. Asipakie abiria wa kulipa, asimkalishe mtoto mbele, apunguze mwendo. Akipata pesa amalizie kazi yote kwa pamoja, karakana, na risiti zenye namba za spea. Na akiamua kuliuza kabla ya hapo, aliuze kwa bei yake ya kweli na amwambie mnunuzi, kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba gari hili halina eabegi.

Atapata hasara kidogo kwenye bei. Hasara hiyo ni yake kuibeba, kwa sababu gari liligonga mikononi mwake. Mnunuzi anayekuja kesho hakuwepo siku ile nyuma ya lori la majani chai, na hana sababu ya kulipia ajali hiyo kwa maisha yake.